Court Line: chakula kimefungwa kwa kufuli, pesa yako haina ulinzi

Haya, watazamaji wangu, bidhaa ya leo hamtaipata popote. Ni Court Line, shirika la Uingereza lililorusha ndege za kukodi kutoka Luton kupeleka watu likizo Hispania na kwingineko. Jina hilo lilianza kutumika Januari 1970, na Agosti 1974 likazimika.

Mwonekano kwanza. Ndege zao za BAC One-Eleven moja ilikuwa ya waridi, nyingine ya chungwa, nyingine feruzi, nyingine zambarau. Hapo natoa alama zote, sibishani na mtu.

Sasa tukae kwenye kiti, maana utamu uko hapa. Mgongoni mwa kiti kilicho mbele yako kuna visanduku viwili. Kimoja kina chakula chako, cha baridi, unajitolea mwenyewe. Cha pili kimefungwa kwa kufuli, kimewekewa barafu kavu kisiharibike: hicho ni cha abiria atakayekalia kiti chako ndege ikirudi. Kwa hiyo jiko kubwa halihitajiki, nafasi yake wanajaza viti, na hakuna kusubiri chakula kipakiwe ugenini. Ujanja mtupu! Tatizo ni kufuli zenyewe. Kuna abiria walizifungua wakala na cha wenzao, na wa kurudi akakuta makombo. Mimi hapo ningegoma kushuka.

Lakini kilichoiua si chakula. Mwaka 1973 walileta ndege mbili kubwa, Lockheed TriStar, kila moja viti 400, na mwaka huohuo mafuta yakapanda bei vibaya. Tena wakainunua Clarksons, kampuni ya utalii iliyokuwa ikiwajazia ndege, kwa pauni 1. Ukiona bei kama hiyo ujue unanunua hasara. Ila wangeiacha ife, viti vile angekalia nani?

Usalama wa pesa ya mteja: sifuri. Juni 1974 waziri Tony Benn aliliambia Bunge kwamba hatua za serikali zingelinda likizo za kiangazi kile. Tarehe 15 Agosti shirika likaanguka, makumi ya maelfu ya watu wakiwa bado likizoni. Hao walirudishwa kwa ndege za wengine. Waliokuwa wamelipa na hawajasafiri walisubiri sheria ya mwaka 1975 iliyounda mfuko wa fidia, na mfuko huo ulijazwa kwa tozo walizokatwa wasafiri waliokuja baadaye.