Kitabu cha Anthony Bourdain, na duka lililoninyima kurasa zake

Nilikusudia kuandika sifa tupu za Kitchen Confidential, kitabu cha mpishi Mmarekani Anthony Bourdain kilichotoka mwaka 2000, lakini kila nikianza, hasira ya duka lililoniuzia inatangulia. Nakala yangu, niliyoinunua hapa Arusha mjini kwa bei isiyo na huruma, ina kurasa zilizojirudia na nyingine hazimo kabisa, na pengo lenyewe limeangukia kwenye sura inayosimulia siku moja ya kazi tangu alfajiri. Bourdain anaamka kabla ya saa kumi na mbili, na akiwa bado kitandani tayari anapanga vyakula vya siku hiyo. Mimi, ninayeamka usiku wa manane kufunga lanchi boksi za wageni wa Ngorongoro, nilikuwa nimekwisha kunogewa, mara nikajikuta katika sura nyingine.

Nilikirudisha nilipotoka zamu. Muuzaji hakuinua macho kwenye simu yake.

"Dada, kitabu kikishatoka dukani hakirudi."

Nilipomwonyesha pengo, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu.

"Sasa mpishi unataka kurasa zote za nini? Si uangalie tu mapishi?"

Kitabu kile si cha mapishi. Ni maisha ya mtu aliyeanza kwa kuosha vyombo, akahitimu chuo cha upishi mwaka 1978, akafika kuongoza jiko la mgahawa wa Les Halles jijini New York, na anayewapa heshima yao wapishi wahamiaji kutoka Meksiko na Ekuador ambao mteja aliyekaa mezani hawaoni kamwe. Kuambiwa maneno yale juu ya kitabu kama hicho, nami bado nanukia vitunguu, kuliniuma kuliko fedha niliyopoteza.

Kwa siku kadhaa nilikuwa tayari kumzuia kila mtu asikinunue, na sababu hazikukosekana. Lugha yake ni chafu, na visa vya heroini na kokeini ni vingi kiasi kwamba nisingempa kijana aliyekuja jikoni kwetu kujifunza kazi. Hata ule ushauri wake maarufu wa kutoagiza samaki Jumatatu ulitokana na soko la New York, ambako mzigo wa Ijumaa ndio uliotakiwa kuvusha wikiendi nzima, na miaka ya baadaye mwenyewe aliulegeza. Hata hivyo, hapa kwetu, ambako samaki hutufikia juu ya barafu kutoka Mwanza au Tanga, kuuliza mzigo umefika lini ni jambo ambalo mpishi mwenye dhamira haachi.

Kilichonigeuza kabisa ni sehemu iliyo karibu na mwisho, anapoitazama mikono yake mwenyewe: makovu, na sugu iliyo kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mahali ambapo kila kisu alichowahi kumiliki kimegandamiza. Niliuweka mkono wangu juu ya ukurasa. Sugu yangu iko palepale, ngumu, ya manjano, na sikuwahi kusoma popote mtu akiitaja kwa fahari namna ile.

Kwa hiyo natengua niliyoyasema: kinunueni, na wenye hoteli wakisome kabla ya wapishi wao. Ila kikagueni ukurasa kwa ukurasa palepale kaunta kabla ya kulipa, kwa maana duka lile linaendelea kuuza na halijanirudishia hata shilingi.