Migresheni za Django: uzoefu wangu wa kutunza majedwali kwa msimbo

Natumia Django, fremu ya Python ya kujenga programu za wavuti, na hifadhidata ya PostgreSQL kwenye mifumo ya mauzo na stoo, na kitu ninachokithamini kuliko vyote humo ni migresheni, yaani faili za msimbo zinazobadilisha muundo wa majedwali ya hifadhidata. Unaandika modeli (maelezo ya jedwali na safu zake, yaani column) kwa Python, unaita amri ya makemigrations, Django inalinganisha modeli na faili zilizotangulia, kisha inakuandikia faili jipya lenye namba. Ukiita migrate, majedwali yanabadilika, na jedwali la django_migrations linatunza orodha ya yaliyokwisha kufanyika. Faili hizo zinakaa Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, pamoja na msimbo wenyewe, kwa hiyo mwenzangu akivuta kazi yangu anajua mara moja nimeongeza safu gani.

Kabla ya toleo la 1.7 la mwaka 2014 ilibidi kusakinisha South, kifurushi cha pembeni cha Andrew Godwin. Ni yeye pia aliyeandika mfumo uliomo ndani ya Django leo.

Pa kuwa macho ni kwenye kubadili jina la safu. Ukigeuza simu kuwa namba_ya_simu, Django inauliza kama ni jina tu lililobadilika. Ukijibu hapana, itafuta safu ya zamani na kuunda nyingine, na namba zote za wateja zitaondoka nayo. Mimi sipeleki kitu kwenye seva bila kusoma matokeo ya amri ya sqlmigrate kwanza: inakuonyesha SQL yenyewe, yaani amri zitakazotumwa kwa hifadhidata, bila kugusa jedwali hata moja.

Hifadhidata unayochagua nayo ina uzito wake. Kwa PostgreSQL, migresheni ikikwama katikati, mabadiliko yote ya faili hilo yanarudishwa nyuma. MySQL haina uwezo huo. Nusu inabaki imefanyika na utasafisha kwa mkono, kwa hiyo huko weka badiliko moja kwa kila faili. Tena kwenye PostgreSQL, jedwali likiwa kubwa na unataka kuliongezea faharisi (index, ya kuharakisha utafutaji), tumia AddIndexConcurrently, iliyopo tangu Django 3.0, pamoja na atomic = False, inayozima ule urudishaji nyuma wa faili zima. Faharisi inajengwa huku mauzo yakiendelea kuandikwa.

Kinachonikera ni matawi mawili ya Git (mistari miwili ya kazi inayoendelea sambamba) kuzaa faili lenye namba moja. Kuna makemigrations --merge, lakini inaunganisha historia tu. Kama mabadiliko yenyewe yanagongana, mkae wawili mkubaliane.

Kwa anayetumia Flask, fremu nyingine ya Python, na SQLAlchemy, maktaba ya kuwasiliana na hifadhidata, zana ya Alembic inafanya kazi hiyohiyo. Kwa Django, sioni sababu ya kutafuta kingine.