Mwalimu wa kwaya kazini: huduma inayofaa, ila si kwa kila kampuni

Huduma ninayoipitia hapa ni nyepesi kueleza: mwalimu wa kwaya anafika kazini kwenu, hapa Lubumbashi, mara moja kwa juma, anawaimbisha wafanyakazi kwa saa moja, na gharama inalipwa na kampuni. Ofisi yetu, inayoshughulikia nyaraka za forodha za malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa, ilimwita kwa sababu watu wa hesabu na watu wa usafirishaji walikuwa wamefikia hatua ya kutosemeshana ila kwa barua pepe.

Ubora wake mkubwa uko katika namna anavyopanga watu. Huulizwi cheo wala idara. Unaimba kidogo, yeye anasikiliza, kisha anakupeleka kwenye sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Ndivyo mkuu wa hesabu alivyojikuta bega kwa bega na dereva, wote wawili sauti ya nne, na kwa kuwa dereva ni mwanakwaya wa miaka mingi kanisani kwake, ilimbidi mkuu amtegee sikio ili asipotee. Siku mkuu alipoanza kuimba kabla ya zamu yake, akanguruma peke yake wakati sisi wengine tumenyamaza, chumba kizima kiliangua kicheko, naye akacheka kutushinda. Hakuna mkutano wa wafanyakazi uliowahi kutupatia kicheko cha namna hiyo.

Hagawi karatasi za noti za muziki. Anatoa mstari, sisi tunaitikia, mpaka wimbo ukae kichwani. Ni njia inayojulikana vizuri katika Katanga, na hata katika mji wa Kamina, mwaka 1958, kwaya ya Padri Guido Haazen iliimba misa ya Kilatini kwa mitindo ya nyimbo za Kiluba ambayo waimbaji wenyewe waliizoea. Kabla ya kuimba anatuvutisha pumzi na kutuamuru tuiachie polepole. Nililiona kuwa jambo la kupoteza muda, lakini watafiti wa Göteborg, Uswidi, walionyesha mwaka 2013 kwamba wanakwaya wanaovuta pumzi mahali pamoja katika wimbo, mapigo ya mioyo yao hupanda na kushuka pamoja.

Je, umoja huo unadumu? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2015 ulilinganisha madarasa ya kuimba na yale ya kazi za mikono na ya uandishi kwa muda wa miezi 7: waimbaji walizoeana haraka zaidi mwanzoni, lakini mwishoni madarasa yote yalikuwa yamefikia ukaribu uleule. Kwa hiyo huduma hii inafaa zaidi ofisi yenye watu wapya, au iliyogawanyika kama yetu, kuliko ile ambayo watu wake wamekwisha kuwa ndugu.

Kasoro zipo. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za kanisa moja tu, ilhali sisi tuna Wakatoliki, Wamethodisti, Wakimbangu na Waislamu. Tulipolalamika, mwalimu alileta nyimbo za arusi na za kazi, za Kiswahili na za Kibemba, na waliokuwa wakikaa pembeni wakasogea. Saa nayo ilipangwa vibaya. Kipindi cha jioni kiliwaumiza wakaaji wa Ruashi na Katuba, ambao baada ya hapo hugombania teksi, na mahudhurio yalitengemaa pale tu tulipokihamishia saa ya chakula cha mchana. Asiyetaka kuimba aachwe kabisa. Furaha ya kuamriwa haimfaidii mtu.

Mkurugenzi anayechelewesha mishahara asijaribu kuiziba kwa kwaya. Watu wataimba, naam, lakini watatunga. Kwetu ulizuka ubeti juu ya posho za safari ambazo hazijalipwa, ukaimbwa kwa sauti zote nne, na mkurugenzi aliusikia akiwa amesimama katika sauti ya tatu.

Bei ni dola 40 kwa kipindi, hata muwe wengi kiasi gani. Kabla ya kukubaliana, mwombeni awape orodha ya nyimbo, na mtafuteni chumba kisichopakana na jenereta, kwa maana umeme ukikatika sauti ya pili haisikiki kabisa.