Stokingi na sumaku ya friji: miezi minne ya chujio langu la vumbi

Steshenari yangu iko Nkuhungu, Dodoma, hatua kama kumi na tano kutoka barabara ya vumbi. Mkazi wa huku hahitaji kuelezwa Julai mpaka Oktoba ikoje. Unafuta meza, zinapita bodaboda mbili, unashika tena kitambaa. Kompyuta inayonilisha ni ya mezani, ya mtumba, prosesa yake (ubongo wa kompyuta) ni Core i5 ya kizazi cha tatu, na inakaa chini ya meza upande wa mlangoni kwa sababu soketi iko huko.

Ilianza kunguruma kama jenereta. Baadaye ikawa inajizima. Siku moja ilizima dada mmoja akiwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo, amefika ukurasa wa mwisho. Alinyanyuka taratibu, akasema, "Basi kaka, nitarudi kesho." Hakurudi. Iliniuma, na jioni ile sikufunga duka mpaka nilipofungua kava.

Juu ya prosesa kuna mapezi ya alumini ya kupoza joto. Yangu hayakuonekana. Vumbi lilikuwa limeshikamana na nyuzinyuzi za karatasi mpaka likawa zito kama kipande cha blanketi, na nilipolishika pembeni lilibanduka lote kwa pamoja. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote lakini upepo hauna pa kupita. Prosesa ikizidiwa na joto hupunguza kasi kwanza. Joto likiendelea kupanda, mashine inazima ili isiungue. Haikuwa imeharibika, ilikuwa inajiokoa.

Niliitoa nje, nikapuliza kwa blowa huku nimezuia feni kwa kijiti. Usiiache feni izunguke kwa upepo wa blowa, inaua beringi. Nikaweka programu ya Core Temp ili nione joto kwa namba. Kabla ya usafi, nikiwa nachapa faili kubwa za PDF, ilikuwa inafika nyuzi 91. Baada ya usafi, kazi ileile, nyuzi 63. Raha yangu ilidumu wiki tatu, ikarudi 74. Hapo ndipo nikaamua vumbi lizuiwe mlangoni mwa kompyuta, pale feni inapovuta hewa.

Nilianza na kipande cha chandarua kikuukuu. Kile kinazuia mbu, vumbi la Dodoma linapita bila hodi. Nikajaribu sponji ya godoro: vumbi halikupita, ila na hewa nayo haikupita, na ndani ya nusu saa joto lilikuwa nyuzi 86. Jamaa mmoja alinishauri kitambaa chenye majimaji kwa sababu vumbi hunasa kwenye unyevu. Tafadhali, usifanye hivyo. Feni inavuta kila kilicho mbele yake, na unyevu nao utaingia ndani.

Kilichonifaa ni stokingi, zile soksi ndefu za kike za nailoni, pea moja shilingi 2,000. Mara ya kwanza niliivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma, matundu yakafunguka na vumbi likapita. Sasa naivuta kidogo tu, inyooke isiwe na mikunjo, basi. Safu moja inatosha. Safu mbili ziliniongezea joto na sikuona tofauti ya maana kwenye vumbi.

Namna ya kuishikisha ilinisumbua zaidi ya chujio lenyewe. Gundi ukiibandika, kusafisha kunakuwa adhabu. Jawabu lilikuwa kwa mzee mmoja fundi wa friji. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akanionyesha rundo la raba za milango ya friji: "Chukua tu mwanangu, hizo natupa." Ndani ya ile raba kuna utepe wa sumaku laini, unakatika kwa mkasi. Nilikata vipande vinne, nikatengeneza fremu, nikashonea stokingi juu yake. Nilipong'oa uso wa plastiki wa mbele wa kompyuta, nyuma yake kuna chuma chenye matundu ambako feni inavuta hewa. Fremu ikashika yenyewe, pah.

Wiki ya kwanza nilifungua nikakuta mistari ya vumbi ndani, pembeni kabisa. Ukiweka chujio, hewa inapata upinzani kidogo, kwa hiyo inatafuta njia ya mkato. Kwangu ilikuwa inaingilia nyuma, kwenye nafasi ya kadi za ziada za kompyuta iliyokosa kifuniko, na mbele pale kisoma sidii kilipong'olewa. Nikaziba kwa kadibodi na selotepu ya 1,000. Matundu ya kutolea hewa nyuma, la pawasaplai (boksi linalogawa umeme ndani) na la feni, usiyaguse, joto linatokea hapo.

Huu ni mwezi wa nne. Chujio likiwa safi, kazi ileile inakaa nyuzi 66, yaani tatu zaidi ya bila chujio, na hizo naziruhusu. Kila Jumamosi nalivua, nasuuza kwa sabuni, naanika. Maji yanatoka mekundu kama ya kuoshea viazi. Ndani ya kompyuta bado kuna ungaunga mwembamba, sitasema hamna, lakini lile blanketi halijarudi na mashine haijajizima hata mara moja. Laptop sijajaribu, matundu yake ni madogo na feni yake haina nguvu, nisingethubutu.

Mama anayeshona nguo jirani ameniomba nimtengenezee la kwake, maana nyuzi za vitambaa zinajaa kwenye kompyuta anayotafutia mitindo. Jana nilipima ya kwangu mbele yake kabla ya kusafisha: nyuzi 71. Tukavua chujio, tukasuuza, tukasubiri likauke juani, tukarudisha: 66. Leo asubuhi amekuja na stokingi yake mkononi.