Tribuni za katikati ya Lubumbashi: mikrofoni nzuri, karatasi mbovu

Ukifika kwenye tribuni ya watu kuhusu sheria za mjini, yaani mkutano ambapo wananchi husema na wakubwa hujibu, usianze kwa kusikiliza makofi. Tazama meza ya msimamizi. Kama nakala ya arete yenyewe, yaani amri ya maandishi ya mamlaka, haipo pale, watu watabishana jioni nzima juu ya maneno waliyosikia kwa ajenti wa barabarani.

Hapo ndipo huduma hii huharibika mara nyingi. Arete huandikwa kwa Kifaransa, na mama anayepanga nyanya kando ya njia hajawahi kusomewa. Tribuni nzuri huchagua vifungu 2 au 3 tu, husoma kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, na dakika 10 zinatosha. Bila hayo swali ni lile lile: mama anainua tiketi ya kodi ya siku na kuuliza, “Nimelipa, mbona nafukuzwa?” Mkubwa wa mezani anasikia tusi. Kumbe ni swali la haki, tena ni maswali mawili: nani anakusanya pesa, na nani anaruhusu kukaa pale. Msimamizi hodari huyatenganisha palepale.

Mwalikwa naye awe ndiye mwenye madaraka juu ya jambo lenyewe. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji na komine, yaani sehemu za mji, hutofautisha masoko ya ngazi ya mji na ya komine. Ukimwita burgumestre, mkuu wa komine, kwa jambo la meya wa mji, utajibiwa “hilo si langu”, na watu wataondoka na hasira kuliko walivyokuja.

Upande wa kusema, mpangilio umekomaa. Kila mtu dakika 2. Wasemaji 20 ni dakika 40, majibu dakika 20. Mikrofoni haitoki mkononi mwa msaidizi, maana anayeikamata mwenyewe haiachii. Zamu hupishana, muuzaji, manseba (mwendesha pikipiki wa kubeba watu), mwenye duka, mpita njia, ili upande mmoja usigeuke kwaya. Mkubwa hujibu mwisho. Akifungua yeye kwa hotuba, wauzaji wanarudi kwenye meza zao. Neno “pirate”, wanaloitwa wauzaji wa barabarani, lipigwe marufuku tangu mwanzo. Uliyemwita pirate hakusikii tena. Mama, papa na kaka yanatosha. Na spika zikae mbele ya msemaji, zisiwe nyuma yake, la sivyo mlio wa kupasua masikio utakula dakika za watu.

Ukumbi una utulivu, lakini muuzaji hawezi kuacha mali yake. Uwanjani anasikiliza huku akiitazama. Ila kwa mkutano wa nje, kifungu cha 26 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinadai mamlaka ijulishwe kwa maandishi. Barua ipelekwe mapema, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki mfukoni mwa mwandaaji. Saa 9 alasiri inafaa. Saa 11 ni kuchelewa, kwani mwezi wa Juni jua huzama kabla ya saa 12. Kuanzia Novemba wekeni na siku ya akiba, mvua haina adabu.

Tribuni hizi nazipa alama 3 kati ya 5. Mbili zimepotea kwa sababu ya kumbukumbu mbovu. Inatakiwa karatasi kubwa ukutani yenye safu 4: ombi, aliyejibu, alichoahidi, tarehe. Isomwe kwa sauti na kutiwa sahihi kabla viti havijakusanywa. Ahadi nyingi huishia kwenye daftari la mtu mmoja, na tribuni inayofuata huanza upya na tiketi ile ile ya kodi.