Niliifuata jimu, nikakuta wodi: miaka yangu minne ya fiziolojia ya mazoezi ya kitabibu

Nilijaza fomu ya kuomba shahada hii kwa sababu nilipenda jimu. Sioni haya kulisema, maana nusu ya darasa letu waliingia kwa mlango huohuo: wakimbiaji, wanyanyua vyuma, na mmoja aliyekuwa golikipa mpaka goti likamkataa. Katika jina refu la shahada, fiziolojia ya mazoezi ya kitabibu, tuliliona neno la katikati tu. Kumbe mzigo wote umebebwa na lile la mwisho: kazi ni kuwapima wagonjwa na kuwapangia mazoezi kama dozi ya dawa. Sasa nimemaliza, na nikiambiwa niipe nyota ninaipa nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaieleza nikifika kwenye suala la kazi.

Mwaka wa kwanza sina mengi ya kusema. Ni anatomia, biokemia, fiziolojia ya jumla na takwimu, kama wanafunzi wengine wa afya. Takwimu ndiyo iliyonipa sapu (mtihani wa marudio) yangu ya pekee, na mhadhiri wake alisoma slaidi kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Mazoezi yenyewe hayaonekani. Tulipofika mwaka wa pili darasa lilikuwa limepungua, na wengi walioondoka hawakufeli, walichoka kusubiri.

Wasingeondoka wangejua kinachokuja. Kuna mlinganyo mmoja, wa Fick, unaosema kwamba oksijeni ambayo mwili unatumia ni sawa na damu ambayo moyo unasukuma kwa dakika, mara tofauti ya oksijeni kati ya damu ya ateri na damu inayorudi kwenye vena. Mstari mmoja tu. Niliukariri kwa ajili ya mtihani nikidhani nitausahau wiki inayofuata. Baadaye nikaona kwamba magonjwa mengi tuliyosoma unaweza kuyapanga humo ndani: moyo uliodhoofika unaminya upande wa kwanza; upungufu wa damu, mapafu yaliyoharibika, misuli iliyokaa muda mrefu bila kazi, vyote vinakula upande wa pili. Siku hizi mtu akiniambia anachoka haraka, kichwani najiuliza oksijeni yake inakwama wapi njiani.

Kilichonishika zaidi mwaka huo ni utafiti wa Dallas, Marekani, wa 1966. Vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilala kitandani wiki tatu mfululizo, kisha wakapimwa uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni. Ulikuwa umeporomoka. Miaka 30 baadaye watu walewale watano walitafutwa wakapimwa tena, na ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitanda ziliwaumiza kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Mhadhiri alipoweka ile grafu ukutani darasa lilinyamaza, na darasa letu halikuwa la kunyamaza. Tangu hapo sijaweza kusikia neno "apumzike tu" bila kuuliza: apumzike mpaka lini?

Sasa maabara. Kipimo kikuu ni cha kumpandisha mtu kwenye mashine ya kukimbilia huku umeme wa moyo wake ukisomwa. Mpangilio tunaoutumia sana ni wa Robert Bruce, daktari wa moyo wa Marekani: unaanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila baada ya dakika tatu kasi na mwinuko vinaongezeka. Kwa maandishi inaonekana kazi nyepesi. Kwa vitendo una waya kumi kifuani na tumboni kwa mtu anayetoka jasho, barakoa inayokusanya hewa anayotoa, na wewe pembeni unatakiwa kumpima presha kwa mkono, kwa stethoskopu, wakati anatembea. Mashine inanguruma, bomba linagonga reli, mkono wake unayumba, na ile sauti ndogo unayoisikiliza inapotelea humo. Ilinichukua muhula mzima kuipata. Nilikuwa nasikia namba niliyotarajia badala ya namba iliyokuwepo, na msimamizi alikuwa akinigundua kila mara kwa sababu namba zangu zilikuwa nzuri mno.

Na hapo hakuna utani. Presha ina namba mbili: ya juu inatakiwa ipande kadiri kazi inavyozidi, ya chini ikae palepale au ishuke kidogo. Ya juu ikianza kushuka ilhali mzigo unaongezeka, hiyo ni ishara ya hatari, huenda moyo umeshindwa kufuata. Ukibuni namba hapo unaweza kumwacha mtu aendelee kupanda mlima ambao moyo wake umeshaukataa.

Malalamiko yangu ya maabara ni ya kawaida: mashine ya kuchambua hewa ilikuwa moja kwa darasa zima, na ikigoma kulinganishwa na gesi ya kipimo asubuhi, siku imekwisha. Tulijipima wenyewe kwa wenyewe mpaka tukajuana mioyo. Faida yake ni kwamba nimeivaa ile barakoa mpaka nikashindwa, najua mgonjwa anachokipata nikimwambia "dakika moja zaidi".

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yaliyonigeuza. Wiki ya pili nilipewa mama mmoja aliyekuwa kwenye programu ya mazoezi baada ya mshtuko wa moyo. Nikachukua ile fomula iliyobandikwa kwenye mashine za jimu kila mahali, 220 toa umri, nikapata mapigo ya juu, nikakata asilimia, nikampa lengo. Akapiga baiskeli. Mapigo hayapandi. Nikamwongezea mzigo. Bado. Nikaongeza tena, najiona mtaalamu.

"Mwanangu," akaniambia, "hii mashine yako inasema sijachoka, lakini mimi nimechoka."

Msimamizi alikuja taratibu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesoma orodha ya dawa zake. Nilikuwa nimeisoma, sikuwa nimeifikiria. Alikuwa anatumia dawa za kundi la beta-bloka, ambazo kazi yake mojawapo ni kuyazuia mapigo yasipande. Ningeweza kumkimbiza mpaka kesho bila kufika kwenye lengo langu. Hata kwa asiyetumia dawa yoyote, ile fomula hupotoka kwa mapigo 10 au 12, juu au chini, na wakati mwingine zaidi. Nikamwomba radhi mama, akacheka, akasema angalau leo nimejifunza kitu. Kuanzia siku hiyo tukatumia mizani ya Gunnar Borg, Msweden, ambapo mtu mwenyewe anasema kazi ni nzito kiasi gani, kuanzia 6 hadi 20. Namba hizo za ajabu zina sababu: ukizizidisha kwa kumi unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Kwa huyu mama hilo la kuzidisha halikuhusu, lakini jibu lake lilikuwa la kweli kuliko skrini yangu.

Kuna mambo mengine ambayo huyaamini mpaka uyafanye. Mtu ambaye ateri za miguu zimeziba huambiwi umwonee huruma; unamtembeza mpaka maumivu ya shavu la mguu yafike kiwango cha wastani au zaidi, anapumzika yaishe, anatembea tena. Jaribu kumwambia mzee wa watu aufuate uchungu kwa makusudi halafu umtazame usoni. Mwenye kisukari naye ana habari njema ya ajabu: msuli unaofanya kazi unaweza kuingiza sukari ndani hata bila kusubiri insulini, kama nyumba yenye mlango wa uani. Habari hiyohiyo ndiyo inayofanya umpime sukari kabla hajaanza, maana kama anajidunga insulini, milango yote miwili ikifunguka pamoja anaweza kukuangukia.

Mzee mmoja wa mapafu sitamsahau. Kipimo chake kilikuwa cha kutembea dakika sita kwenye korido ya mita 30, kwenda na kurudi. Anaruhusiwa kusimama kupumua, saa haisimami. Hata maneno ya kumtia moyo yamepangwa, huruhusiwi kumshangilia kama uko uwanjani, kwa sababu kelele zako zitaongeza mita. Siku ya kwanza alifika mita 210 akasimama mara mbili. Baada ya wiki nane, 290 bila kusimama. Ongezeko la mita 30 hivi tayari huhesabiwa kuwa la maana, kwa hiyo nilikimbilia kumwonyesha karatasi. Hakuiangalia. Aliniambia kwamba usiku akiamka sasa anakwenda msalani moja kwa moja, hakai tena ukingoni mwa kitanda kukusanya pumzi. Niliiandika hiyo kwenye faili chini ya mita 290, ingawa fomu haikuwa na nafasi yake.

Sasa ile nyota niliyokata. Ukimaliza utatumia muda mwingi kueleza wewe ni nani. "Kwa hiyo wewe ni fiziotherapisti?" Hapana, ingawa tunapokezana wagonjwa: mara nyingi yeye anakurudishia kiungo kilichoumia, mimi namchukua mwenye ugonjwa sugu na kumpangia mazoezi kama dozi, kiasi gani, mara ngapi, na lini asimame. "Basi ni mwalimu wa jimu." Pia hapana. Australia ina wataalamu walioidhinishwa ambao madaktari huwaelekezea wagonjwa ndani ya mfumo wa Medicare, bima ya afya ya umma ya huko. Kwingine kazi ipo hospitalini lakini cheo hakipo kwenye orodha, na unaajiriwa kwa jina la mtu mwingine. Wenzangu watatu wako kwenye idara za moyo, wawili wamerudi kusomea fiziotherapia, golikipa yuko kwenye utafiti. Mimi nafanya kazi kwenye programu ya wagonjwa wa mapafu, na mkataba wangu una neno "msaidizi" ambalo halikuwepo kwenye cheti.

Chuo hakikutuambia hili mapema, na nadhani kilijua. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, uliza chombo gani katika nchi unayotaka kufanyia kazi kinasajili watu wa shahada hii, na kinadai saa ngapi za vitendo na wagonjwa halisi, maana saa za kupimana wanafunzi kwa wanafunzi huenda zisihesabiwe. Uliza fildi, yaani nafasi ya mafunzo kwa vitendo, inatafutwa na chuo au na wewe. Na siku ya kutembelea maabara, omba wakuvalishe ile barakoa dakika tano ukitembea kwenye mwinuko. Kuna watu hawaivumilii kabisa, na ni heri ulijue hilo kabla hujalipa ada.