Podman kwenye seva ya Linux: kontena bila ruti, na kwa nini nimehamia jumla

Wakuu, wengi wetu habari za kontena tulianzia Docker na sina ubaya nayo, tangu 2013 ndiyo iliyozoesha watu kufunga programu na vitu vyake vyote kwenye imeji moja kisha unaenda kuiwasha mashine yoyote. Ila kwa mtu mwenye VPS ndogo (seva ya kukodi mtandaoni) anayowaendeshea wateja wake wawili watatu, sistimu ya duka, databesi, tovuti mbili tatu, kwa sasa namshauri Podman, na panapouma nitapataja pia maana papo.

Kwa asiyeijua, ni programu ya teminali iliyotoka kwa watu wa Red Hat, toleo la 1.0 lilitoka Januari 2019, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Komandi ni zilezile, podman run, podman ps, podman logs, podman build. Imeji nazo ni zilezile kwa sababu tangu 2015 kuna OCI, yaani makubaliano ya jinsi imeji inavyotakiwa kuwa, kwa hiyo ulichojenga na Docker huku kinawaka hivyohivyo.

Tofauti kubwa ni nani anaendesha hayo makontena. Docker ikiwekwa kawaida kuna programu moja inakaa nyuma muda wote ikiwa na mamlaka ya ruti (root, yuza mwenye uwezo wote kwenye Linux), wewe ukiandika komandi unaituma yenyewe ikufanyie. Maana yake yuza yeyote uliyemwingiza kwenye grupu la docker ni ruti tayari hata kama hukumpa sudo (ruhusa ya kutumia mamlaka ya ruti), anawasha imeji yoyote na -v /:/host (-v inaunganisha foda ya seva na kontena) basi diski nzima ya seva iko mkononi mwake, na nyaraka za Docker zenyewe zinaonya kuhusu hilo grupu. Ni kweli Docker nayo ina njia ya kuendesha bila ruti, ilikomaa kwenye toleo la 20.10 mwaka 2020, lakini lazima uitengeneze mwenyewe na kwenye seva nyingi ninazoitwa kuziangalia siikuti. Podman haina programu ya nyuma kabisa, kontena linawaka chini ya yuza wako na linabaki prosesi ya kawaida.

Ukitaka kuona kwa macho, washa databesi ya postgres:16 kama yuza wa kawaida, foda ya data ikiwa kwenye home yako, halafu andika ps -ef. Ile prosesi ya postgres utaona mwenye nayo ni namba kama 100998, jina hana. Ndani ya kontena huyo ni yuza 999, lakini huku nje Podman imempa namba kutoka kwenye fungu lililoandikwa /etc/subuid, kwenye Ubuntu na Debian fungu la kwanza linaanzia 100000 na lina nafasi 65536, yuza 1 wa ndani anachukua 100000 kwa hiyo wa 999 anaangukia 100998. Ruti wa ndani je? Ni wewe mwenyewe, yuza 1000, hana cha zaidi ya ulicho nacho wewe. Sasa fikiria mtu amepata upenyo kwenye databesi akafanikiwa mpaka kutoka nje ya kontena, anajikuta ni 100998, hana home, hana sudo, mafaili yako hayamhusu. Hapa ndipo Podman iliponichukua kabisa.

Jambo hilohilo lina usumbufu wake. Ukienda kufuta ile foda ya data kwa rm -rf unakataliwa, Permission denied, na foda iko ndani ya home yako! Wengi hapo wanakimbilia sudo. Andika podman unshare rm -rf na jina la foda, inakuingiza kwenye zile namba za ndani kwanza, inafuta bila shida. Wa Fedora na AlmaLinux ongezeni :Z mwisho wa -v, la sivyo SELinux, ulinzi wa ziada wa mifumo hiyo, itawazuia mkadhani databesi imeharibika.

Kingine ambacho watu hawakijui mpaka yawakute, Docker inaandika sheria zake za iptables (sheria za Linux za kuruhusu na kuzuia mtandao) na poti uliyoifungua inapita bila kuiuliza ufw, ile firewall yako, umeweka deny lakini databesi iko wazi kwa dunia. Podman bila ruti haigusi hizo sheria, poti inasikilizwa na prosesi ya kawaida tu, ukifunga kwenye ufw imefungwa. Pamoja na hayo andika 127.0.0.1:5432:5432 kwa databesi, usiiache ikasikiliza kote.

Halafu kuna Quadlet, njia ya kulikabidhi kontena kwa systemd (programu inayowasha na kusimamia sevisi za Linux), ilikuja na toleo la 4.4 mwaka 2023, na kwa kweli ni tamu. Unaandika faili fupi, tuseme db.container, unaliweka ~/.config/containers/systemd, ndani ni [Container], Image=, Volume=, PublishPort=, chini [Install] na WantedBy=default.target, kisha systemctl --user daemon-reload, basi kontena limekuwa sevisi kamili ya systemd. Logi unasoma kwa journalctl, likianguka unaweza kuliambia lijiwashe, na ukihama seva unabeba mafaili mepesi ya maandishi na data yako. Ukiongeza AutoUpdate=registry na kuwasha podman-auto-update.timer inavuta imeji mpya yenyewe, na mpya ikishindwa kuwaka inarudisha ya zamani. Kwa tovuti naiamini, kwa databesi siwezi kumshauri mtu, databesi ipandishe ukiwa macho na bakapu iko pembeni.

Sasa panapouma. La kwanza ni linger, yaani ruhusa ya vitu vyako kubaki vinawaka hata ukishatoka kwenye seva. Ukitoka SSH, systemd inafunga vitu vyako vyote na makontena yanazimika nawe, mteja anapiga simu sistimu haifunguki wakati dakika mbili zilizopita ulikuwa unaiona inafanya kazi. Dawa ni loginctl enable-linger, mara moja tu, lakini ilitakiwa mgeni aambiwe mwanzoni kabisa.

La pili, poti 80 na 443. Yuza wa kawaida haruhusiwi kushika poti chini ya 1024. Unaweza kushusha kikomo kwa net.ipv4.ip_unprivileged_port_start, ila mimi napendelea Nginx au Caddy (programu za seva ya tovuti) isimame nje ya kontena, ipokee watu na kuwapeleka ndani, kwa sababu ukitengeneza netiweki yako ya makontena bila ruti, anwani ya mteja inapotea, logi inaonyesha wote wametoka 10.89 sijui ngapi, na fail2ban (inayofungia anwani za wavamizi) hapo haina inachoweza kukusaidia. Pasta, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuunganisha kontena bila ruti na mtandao tangu toleo la 5.0 la 2024, inahifadhi anwani, lakini sio ukiwa na netiweki yako.

La tatu, Compose, yaani kuwasha makontena mengi kwa faili moja. Wenye mafaili marefu ya docker-compose jiandaeni, podman compose inaita tu programu nyingine ifanye kazi hiyo, na sio kila kitu kinaenda kama ulivyozoea. Nikipewa faili la namna hiyo nalihamishia Quadlet polepole, ni kazi ila unaifanya mara moja.

Angalia na toleo. Ubuntu 22.04 inakuja na 3.4, Debian 12 na 4.3, zote Quadlet hazina. Ubuntu 24.04 ina 4.9 na Debian 13 ina 5.4, anzia hapo. Na wa Mac na Windows mjue podman machine inawasha Linux nzima ndani ya kompyuta yako, laptop ya RAM 4GB itahema.

Mwisho suala la bando. Docker Hub, ghala la imeji la Docker, tangu 2020 imeweka kikomo, usipojiandikisha ni imeji 100 kwa saa sita kwa kila anwani ya IP, na sisi tunaotumia intaneti ya simu tunachangia IP moja watu wengi, unakuta toomanyrequests hujavuta hata moja. Fungua akaunti ya bure ufanye podman login docker.io, au vuta kutoka quay.io kama imeji ipo huko. Jina liandike lote, docker.io/library/nginx, usiandike nginx peke yake, ujue unachovuta kinatoka wapi. Na kwa wanaofundisha darasani, vuta mara moja tu, podman save -o nginx.tar docker.io/library/nginx, weka kwenye flashi, kila mwanafunzi apige podman load -i nginx.tar, darasa zima linafanya kazi bila kugusa intaneti.